Leseni Hatulipi, Faili Tunalilipia

Ukinunua kompyuta iliyotumika, au ukiipeleka ya zamani kwa fundi kwa sababu imekuwa nzito, jibu utakalopewa mara nyingi ni kwamba inahitaji kupigwa Windows. Fundi anachomeka flashi, anafuta kila kitu, na baada ya muda kompyuta inarudi ikiwa na Windows, Word, Excel, Photoshop, kizuia virusi na VLC, vyote kwa malipo ya kazi yake tu. Katikati ya kazi hiyo ipo hatua ambayo wateja wengi hawaioni: fundi huzima kwanza kinga ya virusi, kwa sababu kile kiprogramu kinachoidanganya Microsoft kwamba leseni imelipiwa kingekamatwa na kufutwa kabla hakijafanya kazi yake. Mteja anaondoka akiwa ameridhika, akiamini kwamba amepata programu bure. Imani hiyo naipinga, ingawa sababu zangu si za polisi wala za mahubiri juu ya wizi. Nakala isiyolipiwa haimtoi mtu mikononi mwa mwenye programu. Inamkabidhi zaidi, kwa kuwa kinachomfunga mtumiaji ni mafaili anayoyatengeneza, na hayo hayajali kama leseni ililipiwa au la.

Wenye programu walilitambua jambo hili mapema kuliko sisi. Mwaka 1998, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington, Bill Gates alilieleza soko la China, ambako mamilioni ya kompyuta yalikuwa yakiuzwa kila mwaka na watu hawalipii programu. Alisema kwamba maadamu wataiba, kampuni yake ingependa waibe za kwake, wazizoee kiasi cha kuwa waraibu, na katika muongo uliofuata ingepatikana namna ya kukusanya malipo. Sijasoma maelezo ya biashara yaliyo wazi zaidi ya hayo. Ukitaka kuona matokeo yake huku kwetu, soma bango la chuo chochote cha kompyuta cha mtaani. Halisemi kwamba watafundisha kuandika nyaraka, kupanga hesabu na kutengeneza matangazo. Linaorodhesha Word, Excel, Access, PowerPoint na Publisher, yaani orodha ya bidhaa za kampuni moja, na mwanafunzi anayehitimu anajua mahali kitufe kilipo kwenye bidhaa hiyo na si kwingine.

Yupo atakayesema kwamba hatukuwa na njia nyingine. Tulikuwa nayo, tena kwa lugha yetu. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, isiyolipiwa na ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuinakili na kuigawa. Muda si mrefu baadaye Microsoft nayo ilileta Kiswahili kwenye Windows na Office. Mimi sijawahi kuikuta Jambo OpenOffice kwenye kompyuta ya steshenari hata moja, na sidhani kwamba ubora wake ndio uliokuwa kikwazo. Programu huria, yaani ya namna hiyo inayoruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa, ina silaha moja kubwa mbele ya mtu asiye na fedha, nayo ni kwamba haimdai kitu. Sasa fikiria soko ambalo Word nayo haimdai kitu, kwa kuwa inatoka kwenye flashi ya fundi. Silaha ile imekwisha. Zinapobaki programu mbili ambazo zote hazilipiwi, mtu huchagua ile ambayo jirani yake, mwalimu wake na bosi wake wanamtumia mafaili yake. Kwa hiyo wizi wa Word haukuiumiza Microsoft sana. Uliyemuumiza ni yule aliyetaka kukupa programu kihalali, kwa Kiswahili.

Tuje kwenye faili lenyewe, maana hapo ndipo gharama ilipojificha. Nyaraka za ofisi leo zina miundo miwili mikubwa, yaani namna mbili za kuhifadhi faili, iliyo rasmi kimataifa. Muundo wa ODF, unaotumiwa na LibreOffice, programu huria ya ofisi, na ndugu zake, ulikubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006. Ule wa Microsoft, ambao huzaa mafaili ya .docx na .xlsx, ulipitishwa mwaka 2008 baada ya mabishano makali, na maelezo yake yalizidi kurasa 6,000. Kwa maandishi, yote miwili iko wazi. Kwa vitendo, kurasa 6,000 zenye mambo mengi yaliyobebwa kutoka matoleo ya kale ya Word ni uwazi wa aina yake: kila mtu anaruhusiwa kuingia, ila mwenye ramani kamili ni mmoja. Ndiyo maana waraka wa .docx ukifunguliwa na programu nyingine hufunguka, lakini haufunguki sawasawa.

Nitoe mfano wa karibu, kwa kuwa kama katibu wa kikundi chetu cha kusaidiana nimeushuhudia mara nyingi. Familia imefiwa, na kijana mmoja ameandika ratiba ya mazishi pamoja na wasifu wa marehemu. Ameipima ikae kurasa nne, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne kamili na hakuna gharama ya karatasi ya pili. Anaituma steshenari kwa WhatsApp. Dada wa steshenari anaifungua na kusema, "Kaka, hii mbona imehama?" Picha imeshuka chini, jina la mwisho kwenye orodha ya wajukuu limeangukia ukurasa wa tano, na jedwali la ratiba limekatika baada ya sala ya kufungua. Kila aliyepo anailaumu programu. Mara nyingi mkosaji ni fonti, yaani sura ya herufi.

Fonti ni kazi ya mtu, nayo ina leseni yake. Kuanzia mwaka 2007 Word ilikuwa ikiandika kwa Calibri usipoigusa. Tangu 2023 imehamia Aptos. LibreOffice hairuhusiwi kuigawa Calibri, na kwa sababu hiyo inaweka badala yake fonti iitwayo Carlito, ambayo Google waliitoa mwaka 2013 ikiwa na upana wa herufi uleule, ili mistari ikatike mahali palepale. Kazi ya namna hiyo ilikuwa imefanywa na kampuni ya Red Hat mwaka 2007 kwa fonti za Liberation, zinazoshika nafasi ya Arial na Times New Roman. Kama Carlito ipo, ukurasa wa tano hauzaliwi. Kama haipo, kompyuta huokota fonti yoyote iliyo karibu, herufi zinanenepa kidogo, na wajukuu wanahama. Kitu ambacho mafundi wetu hawasemi ni kwamba maradhi haya huwapata hata wenye Word pande zote mbili: waraka ulioandikwa kwa Aptos kwenye Office mpya ukifika kwenye Office ya zamani iliyotoka kwenye flashi, fonti hiyo haimo. Kijana aliyetaka amani angeandika kwa Liberation Serif, au angetuma PDF.

PDF inastahili kusemwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni muundo wazi ambao mtaa mzima umeukubali pasipo mtu yeyote kuhubiriwa. Adobe waliuleta mwaka 1993 na kuchapisha maelezo yake, wakawaachia wengine waandike programu za kuusoma na kuutengeneza, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha ISO. Leo hakuna anayeuliza PDF imetoka kwenye programu gani. Mwombaji wa kazi anajua kwamba barua na vyeti vinapakiwa kwa PDF, mama anayetoa kopi ya kitambulisho anasema "niwekee PDF," na hata simu janja ya bei ya chini inaifungua. Adobe hawakufilisika kwa kuuachia. Nasisitiza hilo kwa sababu nimesikia hoja kwamba kufungua muundo wa faili ni sawa na kuitoa biashara sadaka.

Kwenye muziki safari ilikuwa ngumu zaidi, na hapo lawama siwezi kuwabebesha wafanyabiashara peke yao. Kati ya mwaka 2005 na 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu, mfumo huria wa Linux unaoshika nafasi ya Windows, bure kwa posta popote duniani. Unajaza fomu kwenye mtandao, unasubiri wiki kadhaa, bahasha inafika kwenye sanduku la posta. Wengi wa rika langu waliijua Linux kwa njia hiyo. Ulikuwa unaiweka kwenye kompyuta, inawaka vizuri, unachomeka memori kadi uliyojaziwa nyimbo kwenye kibanda, unabofya wimbo, na hakuna sauti. Sababu ilikuwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Muundo wa MP3 ulilindwa na hataza ambazo sehemu kubwa ilisimamiwa kupitia taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, na aliyetaka kuweka uwezo wa kucheza MP3 ndani ya programu anayoigawa alitakiwa leseni. Ubuntu haikuuweka, ilikuelekeza uupakue mwenyewe. Sasa mtu ambaye nyumbani hana intaneti, aliyeletewa mfumo kwenye CD kwa sababu hiyohiyo, aupakue wapi? Alirudi kwa fundi, akapigiwa Windows.

Wapenzi wa programu huria walikuwa na jibu lao, nalo lilikuwa Ogg Vorbis, muundo wa sauti usio na hataza ambao toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002. Kiufundi ulikuwa mzuri. Lakini kumwambia mtu mwenye taarabu na Bongo Fleva zake zote katika MP3 kwamba azibadilishe ziwe Ogg, halafu simu yake ndogo isiweze kuzicheza, ni ushauri wa mtu asiyekaa mtaani. Mgogoro huo ulimalizwa na kalenda. Hataza zilizeeka zikafa, mpango wa leseni za MP3 ukafungwa Aprili 2017, na tangu hapo MP3 ni ya kila mtu. Hata Wikimedia Commons, ghala la picha na sauti za Wikipedia, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likizikataa MP3, limezikubali.

Lakini uwazi uliingia kwa mlango mwingine. Fungua hifadhi ya simu ya Android, tafuta folda la WhatsApp, halafu ingia kwenye sauti. Utakuta mafaili yenye majina yanayoanza na PTT na kuishia na .opus. Opus ni muundo wa sauti ulio wazi na usiolipiwa, uliosanifiwa mwaka 2012, na watu wa Xiph, walioleta Vorbis, ni miongoni mwa walioutengeneza. Kila sauti ya shangazi inayoanza kwa salamu ndefu na kumalizika kwa ombi la fedha inasafiri kwa muundo huo, kwa sababu unabana sauti ya mtu katika kilobaiti chache bila kuiharibu. Ukiinakili kwenye kompyuta, VLC itaicheza. VLC nayo ilianzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale huko Paris, ikawekwa chini ya GPL, leseni ya programu huria, mwaka 2001, na ndiyo programu huria pekee ambayo kila fundi wa mtaani huiweka bila kuambiwa, na bila kuhitaji kuzima kinga ya virusi.

Nisije nikaonekana naisifia WhatsApp kupita kiasi. Sauti ziko katika muundo wazi, ila mazungumzo yenyewe yamo kwenye hifadhidata iliyofungwa kwa msimbo, yenye jina linaloishia kwa crypt14 au crypt15, na hakuna programu nyingine ya kawaida itakayokufungulia. Kikundi chetu kilijaribu kufanya WhatsApp kuwa kumbukumbu ya michango: nani ametoa, lini, kiasi gani. Nilikataa. Michango inaandikwa kwenye jedwali la .ods, ambalo ni la muundo wa ODF, na kila mwisho wa mwezi natoa nakala ya CSV, ambayo ni maandishi matupu yenye mikato katikati na inasomeka hata kwa programu ya kuandikia vijibarua. Wenzangu wananiona mtu wa mashaka.

Kuhusu vitabu na filamu tunazonunua mtandaoni nitasema machache, maana wengi wetu bado hatununui sana huko. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye vifaa vya Kindle vya wateja wao na kuvifuta vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kikiwa kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shamba la Wanyama, baada ya kugundulika kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, na kampuni ikaomba radhi. Julai 2019 duka la vitabu la Microsoft lilifungwa na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Hapo pia fedha zilirudishwa. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi bayana kwamba anapata leseni, iwapo hana haki ya kuimiliki nakala moja kwa moja. Ni sheria ndogo, na naitamani kwetu, hasa sasa ambapo vijana wanalipia muziki kwa mwezi na wanadhani wana maktaba.

Narudi kwenye pingamizi zito zaidi, lile la umaskini. Microsoft 365 ya mtu mmoja nchini Marekani ni dola 99.99 kwa mwaka. Kwa mwenye steshenari anayechapa kurasa kwa mia mia, bei hiyo haina maana, na mtu anayemlaumu kwa kutumia ya fundi hajawahi kulipa kodi ya fremu. Mimi simlaumu. Ninachomwambia ni kwamba anailipa hata hivyo, kwa njia nyingine. Anailipa kompyuta inapoingia virusi vilivyokuja na kile kiprogramu cha kudanganya leseni, na flashi za wateja zikaanza kubeba maradhi hayo mtaa mzima. Anailipa anapoogopa kusasisha, kwa hofu kwamba sasisho litaigundua nakala yake. Na atailipa zaidi siku ambayo kampuni itaamua kwamba bidhaa fulani imefika mwisho.

Kwa wenye steshenari siku hiyo imeshatangazwa. Microsoft wamesema kwamba ifikapo Oktoba 2026 wataacha kuihudumia Publisher, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili ya .pub kwa programu hiyo. Nakala za zamani zilizowekwa na fundi hazitazimika siku hiyo, lakini hazitarekebishwa tena, na kompyuta mpya zitakuja bila Publisher. Nchini kwetu Publisher ndiyo iliyobeba kadi za harusi, kadi za michango, vyeti vya ubatizo, vitambulisho vya shule za awali na kalenda za makanisa na misikiti. Zipo steshenari zenye folda la miaka mingi la .pub, na ndilo mtaji wao: mteja anakuja, anachagua kadi ya mwaka juzi, majina yanabadilishwa, inachapwa. .pub haijawahi kuwa kiwango cha mtu yeyote. Maelezo yake kamili hayakuchapishwa. Waliojitolea walikaa na mafaili, wakayapekua baiti kwa baiti mpaka wakaelewa mengi yake, na kazi yao ikaingia kwenye LibreOffice toleo la 4.0 mwaka 2013. Inayasoma, haiyaandiki, na mapambo mengine hupotea njiani.

Ushauri wa Microsoft wenyewe ni kuyageuza mafaili kuwa PDF, na anayetaka kuendelea kuyahariri aifungue hiyo PDF kwa Word, huku wakikiri kwamba mpangilio unaweza kuvurugika. Kwa kadi ya harusi yenye maua pembeni na majina yaliyopinda, utavurugika. Kwa hiyo mwenye steshenari aliye na Publisher inayofanya kazi leo angeanza na kadi zinazoombwa sana, si na folda lote. Kila moja aitoe kwa PDF ili ajue ilivyotakiwa kuonekana, aichomoe picha ya maua na kuihifadhi peke yake kama faili la picha la PNG, kisha aijenge upya kwenye LibreOffice Draw au Scribus, programu huria za kuchorea na kupangia kurasa, akitumia fonti ambazo leseni yake inamruhusu kuzibeba kwenda kompyuta yoyote. Faili la .pub asilifute. Na Publisher ya fundi aiache ilipo mpaka kadi ya mwisho imetoka, maana kwa kazi hii, kwa mara ya kwanza, namshauri mtu aitumie mpaka iishe.